Ngeli za Maneno na Aina za Data: Juu ya Istilahi Mbili za Kompyuta

Mfasiri afasiriye neno kwa neno atasema ya kuwa lugha za programu ni za namba mbili: zenye "aina tuli" na zenye "aina badilifu". Istilahi hizi zasikika vizuri, lakini zapotosha. Lugha hizo hazihitilafiani kwa kuwa aina za data zatulia katika moja na kugeuka katika nyingine. Zahitilafiana katika mambo mawili: aina imefungwa kwenye nini, na hukaguliwa lini.

Katika Pascal, iliyotungwa na Niklaus Wirth na kutolewa mwaka 1970, aina hufungwa kwenye jina. Mtungaji hutangaza mapema ya kuwa jina "mvua" ni la namba. Akijaribu kuliwekea maneno, programu igeuzayo maandishi yake kuwa amri za mashine huyakataa kabla ya kazi kuanza. Katika Python, ya mwaka 1991, jina ni kama kapu, na aina imo katika kile kilichotiwa ndani. Kosa halionekani mpaka mashine ifike kwenye mstari wenyewe.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano wake. Neno "kitabu" hutawala upatanisho kwa umbo lake: kitabu kikubwa kimeanguka. Lakini "kiboko" lahitaji kutazamwa linataja nini. Kiboko cha kuchapia kimekatika. Kiboko wa mto Ruvu amezama. Jina ni lile lile, na kiambishi chake ni kile kile, ila upatanisho wafuata kitu kilichokusudiwa. Ulinganisho huu usivutwe mbali mno, kwani msikilizaji aambiwaye "kiboko kimezama" aghalabu huelewa na kusamehe, wala mashine haina hisani hiyo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru yapata mvua zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, kuliko ile ya magharibi, na maji ya milima hiyo huingia mto Ruvu, ambao hunywewa Dar es Salaam. Tuseme karani wa kituo kimoja cha mvua ameandika "hakuna" mahali pa 0. Programu ya Python yaweza kujumlisha miezi mingi bila shida, kisha ikasimama hapo. Je, Java ingalimwokoa? Si kabisa. Java ingalimlazimu mtungaji kuandika waziwazi hatua ya kugeuza maandishi kuwa namba, na huo ni msaada mkubwa. Lakini neno "hakuna" nalo lingaligunduliwa wakati wa kazi vile vile. Ukaguzi wa mapema husoma programu, hausomi daftari la karani.

Kuna jambo jingine lichanganywalo na hili mara kwa mara, nalo ni ukali. Python na JavaScript zote mbili hukagua wakati wa kazi. Hata hivyo, milimita 120 zikiwa zimesomwa kama maandishi, na 35 kama namba, Python hukataa kuzijumlisha, ilhali JavaScript huziunganisha kimya kimya na kutoa 12035, mvua isiyopata kunyesha Uluguru kwa mwaka mzima. Programu isimamayo yaudhi. Iendeleayo na jawabu la uongo ni hatari zaidi.

Kwa sababu hizo yafaa kusema "ukaguzi wa mapema" na "ukaguzi wa wakati wa kazi", na neno "ukali" liachiwe jambo lake. Istilahi hizi zachukua pia mambo ya karibuni. TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, iliiongezea JavaScript ukaguzi wa mapema. Na tangu Python 3.5, ya mwaka 2015, mtungaji akipenda aweza kuandika aina kando ya majina yake: Python yenyewe haizikagui, ila programu nyingine huzipitia kabla ya kazi. Lugha ya namna hiyo haiwezi kuitwa tuli wala badilifu, bali twaweza kueleza ni ukaguzi gani umefanywa, na lini.