Malengelenge ya Mdomo



Hapa pwani, kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, tumeona mwenzetu akitengewa kikombe kazini kwa sababu mdomo wake umetoka malengelenge. Watu wakanong'ona kuwa ana Ukimwi. Jambo hilo tunalipinga.

Malengelenge madogo yanayokaa kwa kifungu ukingoni mwa mdomo huletwa na kirusi cha herpesi. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa busu la shangazi tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 64 katika kila 100 walio chini ya miaka 50 wanacho. Hakitoki mwilini, hulala katika mshipa wa fahamu, mpaka homa, uchovu au jua kali likiamshe. Ndiyo maana mvuvi aliyeshinda juani, au aliyetoka kuugua malaria, huanza kusikia mwasho. Hupona wenyewe kwa siku 10 hivi.

Lakini kinaambukiza, hasa malengelenge yanapotoa maji. Siku hizo tusichangie kikombe na mtu yeyote, na tusibusu watoto. Mtoto mchanga kinaweza kumuua. Hapo hatuna mzaha.

Mipasuko ya pembe za mdomo ni kitu kingine, mara nyingi fangasi au upungufu wa vitamini. Kidonda cheupe cha ndani ya shavu nacho kwa kawaida hakiambukizi.

Kidonda kikipita wiki 3, au kikienea sana, twende kituo cha afya. Wakitupima na Ukimwi, tukubali. Majibu ni ya mgonjwa na mganga wake, si ya kijiwe cha kazini.