Mwana wa Kibarua wa Reli Aliyetunga Opera

Mtu wa Miasenyi hahitaji kuelezwa maana ya kuishi kando ya reli. Njia ya kwanza ilikatizwa katika nyika ile ya Taru, baina ya Mackinnon Road na Voi, katika miaka ya 1890. Na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina stesheni yake hapo hapo. Kwa hiyo msomaji wa huko atamwelewa upesi Scott Joplin, Mmarekani mweusi aliyezaliwa yapata mwaka 1868 na kukulia Texarkana, mji ulioletwa na reli mwaka 1873 mpakani mwa Texas na Arkansas. Baba yake, Giles, alikuwa mtumwa aliyepata uhuru, kisha akawa kibarua wa reli. Mama yake, Florence, alisafisha nyumba za watu, na yasimuliwa kuwa mtoto alianza kugusa kinanda katika nyumba mojawapo ya hizo mama akiwa kazini. Mwalimu mmoja Mjerumani, Julius Weiss, akamfundisha muziki bila malipo.

Joplin alipata sifa mwaka 1899 kwa Maple Leaf Rag, muziki wa kinanda ambao ulimpa senti moja kwa kila nakala iliyouzwa. Walakini watu wengi wenye elimu, weupe kwa weusi, waliudharau muziki wa namna hiyo wakisema ni wa vilabuni. Yeye alitamani kutunga opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, wapiga vyombo wengi wakiwafuatisha waimbaji. Opera yake ya kwanza ilichezwa mwaka 1903, na maandishi yake yamepotea. Ya pili aliiita Treemonisha.

Habari yake ni ya mwezi wa Septemba 1884, katika shamba la pamba jirani na Texarkana. Ned na mkewe Monisha walimwokota mtoto mchanga wa kike chini ya mti. Ili asome, Ned alikubali kumpasulia kuni bibi mmoja wa Kizungu, na Monisha kumfulia na kumpigia pasi nguo zake. Naye bibi yule akamfundisha mtoto. Alipotimia miaka 18, msichana alikuwa ndiye pekee aliyejua kusoma miongoni mwa watu wake. Siku moja akatokea mganga aitwaye Zodzetrick, akitaka kumwuzia Monisha mfuko wa bahati. Treemonisha akamkemea mbele ya watu. Waganga wakamteka, wakampeleka porini ili wamtupe katika kiota kikubwa cha nyigu. Aliyemwokoa ni kijana Remus, ambaye alivaa mavazi ya sanamu ya kutishia ndege. Waganga walipomwona wakadhani ni Shetani mwenyewe, wakatimua mbio!

Watu walipowakamata wawili kati ya waganga wale walitaka kuwapiga. Treemonisha akawakataza, akataka wasamehewe, na ndipo watu wote wakamwomba awe kiongozi wao. Yafaa kukumbuka kuwa Joplin alichapisha kitabu cha opera hii mwaka 1911, wakati wanawake wa Marekani walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura nchi nzima.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Joplin aliwalaumu waganga, na papo hapo aliwahitaji. Mfuko wa bahati, hofu ya usiku wa porini, mchezo wa kuzunguka duarani, mhubiri akitoa neno na watu wakiitikia kwa wimbo, hayo yote aliyachota kwa watu waliokuwa watumwa jana yake. Ukiyaondoa, opera haipo. Msomaji wa Taita ana mfano wake nyumbani. Ngoma ya Mwazindika hupigwa kwa ajili ya watu wenye pepo, na mtu aliyesomeshwa na misheni huenda akakunja uso akitajiwa pepo. Ila ngoma yenyewe akiisikia mguu wake hautulii. Joplin hakuona sababu ya kuchagua moja na kulitupa la pili. Alimkataa mganga, wimbo akauandika noti kwa noti, katika kurasa 230, kwa gharama yake mwenyewe, maana hakuna mchapishaji aliyekubali.

Mwaka 1915 aliionyesha huko Harlem, New York. Hapakuwa na mapambo ya jukwaani wala wapiga vyombo. Joplin mwenyewe alikaa kwenye kinanda, akacheza sehemu zote. Waliohudhuria hawakuvutiwa. Pengine hawakupenda kukumbushwa mashamba ya pamba waliyoyakimbia. Mwaka uliofuata akili yake iliharibika kwa maradhi, akalazwa, na tarehe 1 Aprili 1917 akafariki.

Treemonisha ilichezwa kwa ukamilifu mara ya kwanza huko Atlanta mwezi wa Januari 1972. Kwa kuwa karatasi za wapiga vyombo zilikuwa zimepotea, watu wengine walilazimika kuziandika upya. Mwaka 1976 Joplin alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, miaka 59 baada ya kufa kwake. Kaburi lake katika mtaa wa Queens lilikuwa halina alama yoyote hadi mwaka 1974, lilipowekewa bamba lenye jina lake.