Kupima Seli kwa Hadubini

Kitunguu hakikosekani jikoni hapa Mjimwema. Ukiichunguza ngozi yake nyembamba kwa hadubini, utaona vijumba vilivyopangwa kama matofali. Hizo ndizo seli. Je, kila moja ina urefu gani hasa?

Kwanza zidisha nguvu za lenzi mbili. Ile ya jicho ikiwa 10 na ile ya chini 10, ukuzaji ni mara 100. Kisha weka rula ipitishayo nuru. Tuseme duara unaloliona lina upana wa milimita 1.8, yaani mikromita 1,800. Ondoa rula, weka ngozi ya kitunguu. Seli 6 zikilijaza duara kwa urefu wake, kila moja ni mikromita 300.

Lakini angalia: ukuzaji wa hadubini sio ukuzaji wa mchoro. Ukiichora seli hiyo kwa urefu wa milimita 60, gawanya 60 kwa 0.3. Mchoro umekuzwa mara 200.

Hesabu hii si ya mtihani tu. Malaria twaijua sote. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Vijidudu vya Plasmodium vivax huivimbisha. Vya Plasmodium falciparum, vilivyo vingi Tanzania, haviivimbishi. Kwa hiyo mpimaji huikuza damu mara 1,000, akailinganisha seli yenye kijidudu na jirani zake, ili mganga ajue aina ya ugonjwa.

Basi kumbukeni: ukubwa halisi ni ukubwa wa mchoro uliogawanywa kwa ukuzaji wake.