Kabla ya Kununua Mashine ya Kuoshea Zulia

Vyombo vya nyumbani vimezidi kuwa vingi siku hizi, na miongoni mwavyo imo mashine ya kuoshea zulia. Mtu akiingia dukani katika mji mkubwa huonyeshwa mashine mbili tatu zilizopangwa pamoja, zote zang'aa, zote zasifiwa, wala bei zake hazilingani. Basi mwenye nyumba afanyeje? Fedha atakayoitoa yaweza kuwa akiba ya miezi mingi, na mwalimu mwenye watoto wanaosoma hana fedha ya kutupa. Tena zulia lenyewe laweza kuharibika kwa kuoshwa vibaya, hata hasara ikawa mbili. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jinsi ya kuzilinganisha mashine hizi, ili kila mtu achague kwa akili yake mwenyewe, asichaguliwe na muuzaji.

ASILI YA MASHINE HIZI

Zamani zulia lilisafishwa kwa kutundikwa kambani na kupigwa kwa fimbo. Mwaka 1876 Melville Bissell wa Grand Rapids, katika Marekani, alipata hataza ya ufagio wa magurudumu, wenye brashi ndani yake izungukayo na kuokota taka. Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth wa London akafanya mashine ya kuvuta vumbi kwa nguvu za hewa. Mashine yake ilikuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi, ikasimamishwa njiani mbele ya nyumba, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward wa Saba kutawazwa. Mwaka 1908 James Murray Spangler, mfagiaji wa duka katika Canton, Ohio, mtu aliyesumbuliwa na pumu, akapata hataza ya mashine ndogo ya kuchukulika kwa mkono. Na William Henry Hoover akainunua haki ya kazi hiyo.

Zote hizo zilikuwa za vumbi kavu. Mashine za kuosha kwa maji ni jamaa zake, lakini kazi yake ni nyingine, na hapa ndipo wanunuzi wengi wapotelewapo na fedha.

AINA TATU

Ya kwanza ni mashine ya kufyonza vumbi. Hii haitumii maji; huvuta vumbi, mchanga na nywele, na kazi yake ni ya kila juma. Haiondoi madoa ya chai wala ya mafuta.

Ya pili ni mashine ya kuosha. Ina matangi mawili: moja la maji safi yenye sabuni, na moja la maji machafu. Hunyunyiza maji juu ya zulia, brashi zake husugua, kisha huyavuta maji pamoja na uchafu na kuyatia katika tangi la pili. Kazi yake ni ya mara chache; wengi hushauri zulia lioshwe hivi mara moja kila miezi 12 hadi 18, au mapema zaidi ikiwa nyumba ina watoto wadogo.

Ya tatu ni mashine ya mvuke. Hii huchemsha maji na kuupuliza mvuke wa moto. Lakini haivuti, kwa hiyo uchafu ulioyeyuka hubaki ndani ya zulia. Nayo yafaa zaidi kwa sakafu ya vigae. Angalieni sana, maana wauzaji huziita za mvuke hata zile za aina ya pili, ambazo hutumia maji ya moto tu. Muulize muuzaji: Je, inayarudisha maji machafu? Akijibu la, siyo mashine ya kuoshea zulia.

Na mtu aliye na mashine ya kuosha bado hana budi kuondoa vumbi kwanza. Vumbi kavu likipata maji hugeuka tope, na tope hushuka mpaka kwenye shina la nyuzi.

LITAZAMENI ZULIA KABLA YA MASHINE

Mashine hizi zilifanyizwa hasa kwa nyumba za Marekani na Uingereza, ambamo zulia hufunika chumba chote toka ukuta hata ukuta, wala haliwezi kutolewa nje. Nyumba zetu nyingi si hivyo. Zulia letu hukunjwa likapelekwa uani, likasuguliwa kwa brashi na sabuni, likasuuzwa, likatundikwa juani. Katika Nairobi mahali pengi paoshwapo magari, mazulia nayo huoshwa kwa malipo. Aliye na zulia moja jepesi, na ua, na jua, hana haja kubwa ya mashine.

Tena lazima kujua zulia ni la nyuzi gani. Nyuzi za nailoni na nyinginezo za namna ya plastiki huvumilia maji vizuri. Sufu huvumilia maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Lakini maji ya moto na kusuguliwa sana huifanya ijikunje na kushikamana. Hariri isiguswe na mashine hizi. Zulia la katani, kama zifumwavyo nyuzi za mkonge, hunywa maji, huvimba na kufanya madoa. Hilo lifyonzwe vumbi tu. Na kabla ya kuosha zulia lo lote la rangi, lowesheni kitambaa cheupe, mkikandamize pembeni mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitwaa rangi, zulia hilo lisioshwe kwa mashine.

MAMBO YA KULINGANISHA

Kwanza, nguvu za kuvuta maji. Hili ni kubwa kuliko yote. Wengi husoma hesabu ya wati na kudhani ya wati nyingi ndiyo bora. Wati ni hesabu ya umeme unaoliwa na mashine, wala si hesabu ya kazi itendwayo. Njia ya kupima ni hii: ombeni mwonyeshwe ikifanya kazi. Itiwe lita 4 za maji, izimalize juu ya zulia, kisha maji machafu yapimwe. Zikirudi lita 3, lita moja imebaki; zikirudi lita 2 tu, zulia limenywa nusu nzima. Jaribuni mashine mbili juu ya zulia la namna moja, nanyi mtaona tofauti bila kuambiwa na mtu. Zulia likikaa majimaji kupita siku moja au mbili, kuvu huanza kuota, na harufu yake haitoki upesi. Tena kuvu humdhuru mwenye pumu.

Pili, umeme. Katika Tanzania, Kenya na Uganda umeme wa nyumbani ni wa volti 230 hadi 240. Marekani ni volti 120. Ndugu aliyeko huko akiwaletea mashine kwa wema wake, isomeni kwanza karatasi iliyobandikwa nyuma yake. Kubadili plagi si kubadili umeme. Mashine ya volti 120 ikichomekwa katika umeme wetu itaungua. Transfoma iwezayo kuilisha ni nzito na ya bei, na pengine bei yake haipishani mbali na ya mashine nyingine. Wenye umeme mdogo wa jua nao waangalie, maana mashine ya wati 1000 yaweza kuushinda.

Tatu, ukubwa wa matangi na uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 4 likijaa huongeza kilo 4 juu ya uzito wa mashine yenyewe. Tangi dogo nalo hujazwa mara nyingi. Basi atakayeisukuma ndiye aishike dukani, awe mama wa nyumba au binti yake, ajaribu kuipandisha ngazi moja mbili.

Nne, sabuni. Ulizeni kama mashine yataka sabuni ya namna yake peke yake, na kama yauzwa karibu nanyi. Sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai: hufanya povu jingi liingialo katika injini, na mabaki yake huwa kama gundi ivutayo vumbi, hata zulia likachafuka upesi kuliko kwanza.

Tano, vipuri. Brashi huisha, mpira hupasuka, na raba za matangi hukauka. Mashine isiyo na vipuri mjini ni mashine ya siku chache, hata ikiwa ya bei nafuu. Wazee wetu walisema, rahisi huvunja upishi.

Sita, kuisafisha mashine yenyewe. Ombeni ifunguliwe mbele yenu, mwone kama tangi la maji machafu na brashi zake hutoka kwa urahisi. Maji machafu yakiachwa ndani hunuka, na siku ya pili harufu hiyo hupakwa zulia lote.

NYUMBA YENYE MGONJWA WA PUMU

Ikiwa mtoto hukohoa usiku kwa sababu ya vumbi, fedha ikiwa ni ya mashine moja tu, inunuliwe ya kufyonza vumbi, yenye chujio zuri. Liko chujio liitwalo HEPA, ambalo kwa kanuni ya Marekani lazima lizuie sehemu 99.97 katika mia za chembe zenye upana wa maikromita 0.3. Lakini chujio likiwa jema na mwili wa mashine una nyufa, vumbi litapita katika nyufa. Kwa hiyo tafuteni iliyofungika vizuri. Yenye mfuko wa kutupwa ni bora kwa nyumba hiyo, maana isiyo na mfuko humrudishia mtu vumbi usoni aimwagapo. Ila hesabuni na bei ya mifuko. Pengine shauri jema kupita yote ni kuliondoa zulia katika chumba alalamo mtoto, na kupiga deki kila siku kwa kitambaa chenye maji. Shauri hilo halina gharama.

HESABU

Chukueni karatasi na kalamu. Tuseme bei ya mashine yalingana na kumlipa mwoshaji mara 20 kwa zulia moja. Mwenye zulia moja, alioshaye mara 2 kwa mwaka, atangoja miaka 10 fedha yake irudi, na katika miaka hiyo mpira na injini haviwezi kukaa kama vipya. Mwenye mazulia 4 atairudisha kwa miaka 2 na nusu. Ongezeni bei ya sabuni na vipuri. Umeme si mwingi: mashine ya wati 1000 ikifanya kazi saa moja hula yuniti moja.

Nyumba 3 au 4 za jirani zaweza kuchanga na kununua mashine moja. Hali kadhalika kanisa lenye zulia refu lililogandishwa sakafuni lina sababu njema ya kuwa nayo, na washirika wakaiazima. Lakini mapatano yaandikwe kabla ya fedha kutolewa: nani aitunza, nani anunua sabuni, na ikiharibika mkononi mwa mmoja, nani alipa. Ujirani umevunjika kwa vitu vidogo kuliko hiki.

Mkiisha kuchagua, pokeeni stakabadhi na barua ya dhamana, mkaziweke pamoja. Juma hilo hilo mwioshee mashine kipande cha zulia asubuhi na mapema siku ya jua, madirisha yakiwa wazi. Jioni pitisheni mkono: pakiwa pamekauka, endeleeni na zulia lote. Pakiwa pangali majimaji, irudisheni dukani pamoja na stakabadhi yake, siku za dhamana zisijapita.