Kila Doa na Sababu Yake

Akaaye Riruta Satellite hana haja ya tiketi ili azijue ndege. Kiwanja cha Wilson ki ng'ambo ya Kibera tu, na mchana kutwa ndege ndogo zirudizo kutoka Maasai Mara na Amboseli, na kutoka viwanja vya changarawe vya kaskazini, husikika juu ya mabati yetu. Na yeyote asimamaye kando ya barabara ya Lang'ata zinapotua, akaziangalia kwa makini, ataona ya kuwa matumbo yake hayakubaki meupe kama yalivyotoka kiwandani, bali yamevaa wekundu wa udongo, weusi wa masizi, na michirizi ya mafuta iliyovutwa nyuma na upepo. Nataka kuueleza uchafu huo, na kuwaeleza watu ambao kwa hiari yao, na kwa subira kubwa, huuiga juu ya ndege za plastiki ziwezazo kukaa juu ya kiganja.

Kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wadhanivyo. Hapo awali ndege za mfano zilichongwa kwa mti; mwaka 1936 kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunganishwa nyumbani; na mwaka 1942, Marekani ilipokwisha kuingia vitani, wizara yake ya majeshi ya maji iliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000, ili askari wajifunze kuzipambanua ndege za rafiki na za adui kwa maumbo yake. Mifano hiyo ilifuata kipimo cha 1/72, ambacho kwacho inchi 1 husimama mahali pa futi 6, hata mtu mzima mrefu akapungua akawa na kimo cha inchi moja. Kampuni ya Airfix ilipotoa mfano wa ndege ya Spitfire mwaka 1953 ilishika kipimo hicho hicho, na tangu hapo mamilioni ya watoto na wazee duniani wamekaa mezani na kisu kidogo, gundi na brashi.

Kipimo ndicho kitawalacho kila jambo katika sanaa hii. Cessna Caravan, ambayo hubeba wageni wengi wa Mara, ina upana wa mabawa wa karibu mita 16, na kwa 1/72 upana huo hurejea kuwa sentimita 22. Lakini kadiri ndege inavyopungua ndivyo makosa ya fundi yanavyokua, kwa kuwa tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo kwenye mlango wa nyumba si kitu, juu ya ndege hiyo ni sawa na plasta ya milimita 7. Kwa hiyo rangi huzimuliwa, ikapakwa mara nyingi kwa matabaka mepesi, na kila tabaka likaachwa likauke vyema. Rangi yenyewe hutiwa weupe kidogo, kwa sababu kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali hupauka kwa hewa iliyo kati yake na jicho, na mfano uliopakwa rangi halisi ya kiwandani huonekana mzito na mweusi kupita kiasi.

Kuunganisha vipande hakutaki maelezo mengi. Hukatwa kutoka katika fremu yake, hulainishwa kwa tupa na msasa wa maji, kisha huunganishwa kwa gundi ambayo kwa kweli hainati, bali huiyeyusha plastiki pande zote mbili, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja gundi ikisha kupaa hewani. Mvuke wake si wa kuchezewa, na fundi aishiye katika chumba kimoja na watoto hana budi kuifanya kazi hiyo nje, au dirisha na mlango vikiwa wazi. Maboksi haya ni adimu katika maduka ya Nairobi, na aghalabu huja katika sanduku la jamaa arejeaye kutoka ng'ambo. Lakini asiye na boksi asikate tamaa. Atazame chini ya vikombe vya mtindi vilivyotupwa: chenye alama ya namba 6 ni cha plastiki ya polistirini, jamii moja na ile ya maboksi, nacho hukatika kwa mkasi na kukubali gundi hiyo. Vijana wetu waliokwisha kuunda magari na ndege kwa waya na makopo wana mikono tayari. Kinachohitajiwa ni rula na utulivu.

Sasa nafika kwenye kuchakaza, mahali ambapo kazi hii huacha kuwa mchezo, na ambapo wengi hukosea. Anayeanza, akiisha kuona picha za ndege zilizochakaa, hushika brashi akapaka weusi kila ufa na fedha kila ukingo, hata ndege yake ikaonekana imeokotwa jalalani. Uchafu wa namna hiyo ni wa kubuni. Ndege haichafuki kwa bahati. Kila doa lina sababu, na fundi asiyeweza kuitaja sababu ya doa asilipake. Kanuni ya kwanza ni ya mwelekeo: kilichomwagika ndege ikiwa chini hutiririka kuelekea ardhini, na kilichovuja ikiwa angani huvutwa kuelekea mkiani. Itazame tena ile Caravan. Bomba lake la moshi liko upande wa kulia wa pua, kwa hiyo masizi hufuata ubavu wa chini wa kulia, na ubavu wa kushoto hukaa safi. Mabawa yake yako juu, mbali na magurudumu, kwa hiyo tope haliyapati sana. Lakini mawe yarushwayo na magurudumu hupiga tumbo na ukingo wa mbele wa mabawa madogo ya mkiani, na huko ndiko rangi hubanduka. Ncha za rafadha huparuzwa na changarawe. Mlangoni hubaki alama za viatu vya abiria. Aliyekwisha kuyajua haya ameijua ndege yenyewe, na mkono wake utaelekezwa na akili.

Vyombo vya kazi ni vyepesi. Rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana hupitishwa katika mistari ya maungio ya mabamba, ikajiendea yenyewe ndani ya mfereji, na ya ziada ikapanguswa kwa kitambaa kwa kufuata njia ya upepo. Ncha ya penseli hutoa mng'ao wa chuma kilichosuguliwa. Masizi ya taa ya kibatari, yakisambazwa kwa brashi kavu, yanatosha kwa moshi wa injini. Na kuhusu vumbi, Riruta ina hazina. Wenzetu wa Ulaya hununua udongo wa unga katika vichupa, ilhali udongo mwekundu wenye kutu ya chuma uko mlangoni mwetu bure. Lakini usiuchukue kama ulivyo, maana chembe unayoiona kwa jicho ni jiwe juu ya ndege ya 1/72. Ukoroge katika maji, uache kitambo kifupi mchanga utuame, umimine yale maji mekundu katika chombo kingine, kisha uyaache mpaka unga laini utulie na kukauka. Unga huo, ukiwekwa kwa brashi na kushikizwa kwa tone la spiriti na vanishi isiyong'aa, ni wekundu ule ule ulioko chini ya ndege za Wilson. Sioni kama kuna rangi ya dukani iwezayo kuushinda.

Kiwanja hicho kina historia ifaayo kuundwa. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, ambaye mwezi wa Oktoba 1934, pamoja na C. W. A. Scott, aliirusha de Havilland Comet nyekundu kutoka Mildenhall, Uingereza, akashinda mashindano ya kwenda Melbourne, Australia, kwa muda wa chini ya saa 71. Airfix imeitoa ndege hiyo kwa kipimo cha 1/72. Mara nyingi mafundi huipaka madoa ya fedha ili kuiga rangi iliyobanduka, ilhali Comet ile ilikuwa ya mbao. Mbao haziwezi kung'aa kama bati. Ndivyo ilivyo pia Dragon Rapide, ambayo mfano wake ulitolewa na kampuni ya Heller, na ambayo East African Airways ilianza nayo mwaka 1946 ikiwa na ndege 6 za aina hiyo: mwili wake ni mbao na kitambaa, na kitambaa hupauka, hulegea na kutiwa viraka.

Super VC10, iliyofika East African Airways mwaka 1966, ina sababu ya namna nyingine. Injini zake 4 zilifungwa mkiani ili mabawa yabaki huru kuinua mzigo katika viwanja vya joto na vya juu, na Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ilikuwa miongoni mwa viwanja vilivyofikiriwa. Kwa hiyo masizi yake ni ya mkiani. Airfix iliuza mfano wake katika rangi za BOAC, shirika la ndege la Uingereza. Mwenye kuitaka ya nyumbani atazifuta, kisha achague kama itaandikwa 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania au 5Y ya Kenya, kwa kuwa shirika lile, hadi lilipovunjika mwaka 1977, liligawanya ndege zake kwa nchi zote tatu.

Iko pia ndege ambayo sisi wa Dagoretti na Kikuyu hatuna haki ya kuipita. Harvard huuzwa katika maboksi kama ndege ya mafunzo, ya manjano, safi, isiyo na hatia. Hapa Kenya, kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, kikosi namba 1340 cha Waingereza kiliifunga mabomu ya ratili 20 na bunduki za rashasha, kikairusha juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, kwanza kutoka Thika, kisha kutoka Mweiga karibu na Nyeri. Mfano wake wastahili kuundwa kwa ukweli wote: masizi upande wa kulia, lilipo bomba la moshi, udongo mwekundu wa Mweiga kwenye magurudumu, na mabomu chini ya mabawa. Picha zake ni chache, lakini wako bado wazee walioiona wakiwa watoto, na kabla ya kufungua kopo la rangi yafaa kwenda kuketi nao, kuwaamkia, na kuwauliza ilipita chini kiasi gani, ilitoka upande gani, na tumbo lake lilikuwa na rangi gani.