Amejiuzulu, au Ameuzuliwa?

Mkuu wa shule akiondoka ghafula katikati ya mwaka wa masomo, wazazi huambiwa neno moja tu: "Amejiuzulu mwenyewe." Watu huitikia kwa vichwa, na kesho yake kengele yapigwa kwa amri ya mtu mwingine. Lakini pengine, miezi ikipita, twasikia kwamba yule aliyejiuzulu amekwenda kushitaki, akidai kwamba hakujiuzulu hata kidogo. Yawezekanaje mtu atie sahihi kwa mkono wake, kisha akane? Jambo hili lastahili kuangaliwa vema, hasa hapa Lubumbashi, ambapo watoto wetu wengi wasoma katika shule za Kanisa.

Tuanze na neno lenyewe. Kumwuzulu mtu ni kumwondoa katika cheo chake, kama sultani alivyomwuzulu liwali wake. Kujiuzulu ni mtu kujiondoa kwa hiari yake. Maneno haya yatofautiana kwa silabi moja, "ji", na kesi yote imo ndani ya silabi hiyo. Mjini kwetu watu hupenda kusema "demisyo", kwa kuwafuata Wafaransa, na neno hilo halituambii kwa sauti ni nani hasa aliyetenda. Kiswahili chasema kweli zaidi.

Sasa, mkuu wa shule ya Kanisa katika nchi yetu si mtumishi wa bwana mmoja. Wazee wakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilitangaza kuzitwaa shule zote za Kanisa. Haikuchukua muda mrefu kuona kwamba mzigo ni mzito. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa wakatia sahihi mapatano: shule zibaki za taifa, walimu walipwe na serikali, lakini uongozi wa kila siku urudi mikononi mwa makanisa. Ndizo shule tuziitazo "konvansyone". Basi prefe wa sekondari, au direkta wa shule ya msingi, huko Katuba, Kamalondo au Ruashi, huwekwa na ofisi ya shule ya Kanisa, na mshahara wake hutoka serikalini. Paroko amtazama, mkaguzi amtazama, kamati ya wazazi yamtazama. Wote wana haki ya kumdai hesabu, na wakimchoka wote waweza kumwambia neno lile lile: "Andika barua."

Tutoe mfano, si habari ya mtu fulani. Prefe ashutumiwa kwamba fedha za wazazi hazionekani zote katika daftari. Jioni aitwa ofisini. Mezani yamngoja karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi tu. Aambiwa: "Tia sahihi, tuyamalize kimya kimya. Ukikataa, kesho polisi." Amfikiria mkewe, awafikiria watoto, aifikiria nyumba ya shule anamolala. Atia sahihi. Siku ya pili habari yatangazwa kwamba amejiuzulu.

Je, barua hiyo ina nguvu? Sheria ya mapatano tuliyoirithi tangu amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hata leo mahakimu wetu huitumia, yasema kwamba hakuna ridhaa ya kweli ikiwa mtu aliitoa kwa kukosea, au ilinyakuliwa kwake kwa nguvu, au alipatwa kwa hila. Hakimu hatosheki kuitazama sahihi. Atauliza: nani aliyeiandika barua? Saa ngapi? Nani walikuwamo chumbani? Mtu alipewa muda wa kufikiri? Lakini wasomaji wasidhani kwamba mlango huu u wazi kwa kila mtu. Anayedai kwamba alilazimishwa ndiye apaswaye kuthibitisha. Na yule aliyeandika barua kwa hiari, akitumaini kazi nono kwenye migodi, kisha akaikosa na kujuta, huyo mahakama haitamponya. Majuto si shuruti.

Ndugu zetu wa Tanzania wameliandika jambo hili waziwazi. Sheria yao ya ajira ya mwaka 2004 yasema kwamba mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, hiyo nayo yahesabiwa kuwa ni kukatizwa ajira.

Yatupasa pia kutazama nyumbani mwetu wenyewe. Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983 zatufundisha kwamba mwenye wadhifa katika Kanisa aweza kujiuzulu kwa sababu ya haki. Lakini kanuni ya 188 yasema kwamba kujiuzulu kunakotokana na hofu kubwa aliyotiwa mtu pasipo haki, au na hila, ni batili kwa sheria yenyewe. Kanuni inayofuata yamkataza mkubwa kupokea kujiuzulu kusiko na sababu ya haki na ya kutosha. Hata Baba Mtakatifu habanduki kwa shuruti: Papa Benedikto wa 16, alipotangaza tarehe 11 Februari 2013 kwamba anaacha kiti cha Petro, alitamka kwamba atenda hivyo kwa uhuru kamili, kwa maana pasipo uhuru huo tendo lake lisingekuwa kitu. Twajua kwamba prefe si paroko, wala kazi yake si daraja takatifu. Lakini kanuni ya 1286 yawaamuru wasimamizi wa mali ya Kanisa kuzishika barabara sheria za nchi juu ya kazi, na kuwalipa watu ujira wa haki. Kabla ya hapo, mwaka 1891, Papa Leo wa 13 alikuwa amekwisha kueleza kwamba mfanyakazi akubalipo masharti magumu kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendewa jeuri.

Kwa maoni yetu, wanaofanya madhara makubwa kuliko wote si wale wenye hasira. Ni wale wenye huruma. Humjia prefe usiku, wakamwambia, "Ndugu, jiepushe na aibu, andika barua." Wamwonea huruma kweli, lakini wamnyima kusikilizwa. Kama hakuiba, barua yamnyang'anya nafasi ya kuonyesha vitabu vyake, na mtaani ataitwa mwizi mpaka kufa. Kama aliiba, barua yamfunika, na mwaka ujao ataonekana katika shule nyingine, mbele ya watoto wengine. Nao wazazi waliotoa fedha hawatajua kamwe zilikokwenda. Mashitaka yaandikwe, ajibu kwa maandiko, hesabu zikaguliwe mbele yake.

Aliyekwisha kutia sahihi na aona ameonewa, asikae kimya kwa miezi. Aandike mara moja kwa mkubwa wake kwamba aikana barua ile, aeleze kwa nini, na abaki na nakala yenye alama ya kupokelewa. Kama shule ni ya mtu binafsi, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 yataka apite kwanza kwa Mkaguzi wa Kazi ili wapatanishwe. Asipopita huko, mahakama ya kazi haitampokea. Kama mshahara wake watoka serikalini, kwa kawaida jambo lake laangukia sheria za watumishi wa serikali: huanza kwa kumwomba mkubwa aliyetoa uamuzi aufute, ndipo aende kwa mahakimu wa mambo ya utawala.

Kanuni hiyo ya Kazi yaonyesha pia jinsi mtu huru aachavyo kazi. Mwajiri amwondoaye mtu ampa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi aondokaye mwenyewe atoa nusu ya hizo. Mkuu wa shule binafsi aliyetumika miaka 10 angepewa siku 84. Akijiuzulu, yeye atoa siku 42. Katika siku hizo zote angali mkuu wa shule: akabidhi funguo, daftari za fedha na majina ya wanafunzi, naye mrithi wake ahesabu kila kitu mbele ya mashahidi. Barua itiwayo sahihi jioni, na ofisi ikafungwa kwa kufuli jipya asubuhi, haina hata siku moja ya hizo 42, na hilo ndilo jambo ambalo wakili mwema atamwonyesha hakimu kwanza.