Pini ya kwanza iko upande gani?

Rilei nyeusi ya mraba, ile inayouzwa Kariakoo pamoja na taa za ukungu, ina namba chini ya miguu yake: 30, 85, 86, 87, na nyingine ina 87a. Wateja wangu wengi hudhani ni namba za kiwanda tu. Sivyo. Ni kanuni ya Wajerumani, DIN 72552, na mwenye kuijua ameshapata nusu ya umeme wa magari ya Ulaya. Popote utakapoona 30, huo ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, hata ufunguo ukiwa mfukoni. 15 ni moto unaokuja ukiwasha swichi, 31 ni ethi, na 50 ndiyo inayoiamuru stata.

Ndani ya rilei, 85 na 86 ni miguu ya koili. Koili ikipata umeme utasikia "tak", na 30 inashikana na 87. Koili ikilala, 30 inashikana na 87a. Sasa fikiria fundi aliyefunga taa za ukungu kwenye 87a: zinawaka usiku kucha na kuzimika unapobonyeza swichi. Nimezikuta hizo, tena mwenye gari ameshauziwa betri mpya!

Hapa Gerezani lakini kazi yangu kubwa ni Toyota, na wao wana mambo yao. Rilei zao nyingi zimeandikwa 1, 2, 3 na 5. 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ndiyo swichi. Kwenye mchoro, rangi za waya hufupishwa: B nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, na buluu ni L. Herufi mbili zikiwa na kistari kati yake, ya kwanza ni rangi ya waya wenyewe na ya pili ni mstari uliochorwa juu yake. W-B, mweupe wenye mstari mweusi, kwa Toyota karibu kila mara ni ethi. Volkswagen huandika rangi kwa Kijerumani, na ethi yao ni br, kahawia.

Hata hivyo, rangi mimi huitazama mwisho. Gari lililozeeka limepita kwa mafundi wengi, na kila mmoja ameunga kwa kipande alichokikuta mezani. Namba ya pini haiguswi na mtu.

Shida ya namba ni upande. Siku moja kijana ninayemfundisha aliniita: "Bosi, sensa ya throto haina moto. Nahisi kontrol boksi imekufa." Mchoro wa gari lile ulionyesha pini ya 1 ni VC, volti 5 za kulisha sensa, na pini ya 4 ni E2, hasi ya sensa inayorudi kwenye kontrol boksi. Alichomeka waya wa multimita kwa nyuma ya soketi, pale waya zinapoingia, akahesabu kutoka kushoto. Akapata sifuri. Nikamwambia, "Pima mwisho wa kulia." Volti 5 zikatokea.

Toyota huchora soketi ikitazamwa usoni, pale inapokutana na mwenzake. Jike huhesabiwa kutoka juu kushoto kwenda kulia, dume kutoka juu kulia kwenda kushoto, ili 1 ikutane na 1. Ukiigeuza soketi uitazame kwa nyuma, 1 imehama upande. Mtu akinunua kontrol boksi kwa kipimo cha namna hiyo, amechoma pesa bure.

Honda nao mara nyingi huchora jike kutoka upande wa waya, na hukueleza hivyo pembeni ya picha. Yasome maneno hayo madogo kabla ya kuhesabu, kisha shika soketi kilimi chake kikiwa kilipo kwenye mchoro. Mchoro usiosema upande, mimi huanza na waya ninaoujua. Natoa hasi ya betri, naitafuta ethi ya bodi, napima kati yake na bodi nione omu karibu sifuri, halafu nahesabu pini kuanzia hapo. E2 usiitumie kwa kazi hiyo, maana njia yake inapita kwanza ndani ya kontrol boksi.